Asali Iliyoganda

Kwa miaka mingi niliyomjua, mzee wa asali hakuwahi kununua sukari dukani kwangu. Chumvi alinunua, kiberiti alinunua, sabuni ya mche alinunua, tena ile isiyo na manukato, maana alisema nyuki hawamtaki mtu anayenukia kama bibi harusi. Lakini sukari, hapana. Ukimkaribisha chai aliinywa kavu, ya moto, bila kukunja uso, kisha anakipindua kikombe juu ya sahani ili uone hakubakiza kitu. "Mtu mwenye asali akinunua sukari," alikuwa akisema, "ni kama mtu mwenye mke anayekwenda kuomba ugali kwa jirani."

Mke wake ndiye aliyenunua. Alikuja peke yake siku za soko, akachukua robo kilo, akaizamisha ndani ya mfuko wa unga na kuniambia, "Mama Duka, hujaniona." Mzee alijua vizuri sana. Siku moja nilimchokoza, nikamuuliza chai ya nyumbani kwake hutiwa nini. Akasema, "Mwanamke lazima awe na siri moja. Ile ya robo kilo hainiumizi." Halafu akaagiza soda ya machungwa na kuimaliza kwa mikupuo miwili. Nilimwambia soda nayo ni sukari tupu. Alinitazama kwa hasira ya kweli. Soda ilikuwa soda, akasema, na nisimletee maneno ya shule.

Duka langu liko Bunda, karibu na stendi, mahali ambapo mabasi ya Mwanza na Musoma husimama watu wakanunua maji na karanga. Yeye kwake ni upande wa Butiama, kwenye mteremko wa mlima wa mawe, si mbali na Mwitongo, penye kaburi la Mwalimu, ambako wageni hufika mara mojamoja. Alikuja kwa pikipiki, ndoo ya asali kaipakata katikati yake na dereva, amevaa koti zito hata jua likiwaka. Asali tuliitia kwenye chupa nilizoziosha mwenyewe, nikazipanga kwenye rafu ya mbele. Ndivyo tulivyofahamiana, mimi binti wa Kiislamu niliyeolewa mjini na yeye Mkatoliki wa mlimani, na kwa miaka mingi hatukugombana ila kwa utani.

Watu hudhani mtu wa asali lazima awe mtamu. Yule hakuwa mtamu hata kidogo. Alikuwa mbishi, mwenye majivuno, na alikuwa na kisasi kirefu. Mdogo wake wa tumbo moja aliwahi kukata mti uliokuwa na nyuki ili apate kuni, na tangu siku hiyo mzee hakumsalimia tena. Walikaa kanisani benchi moja, wakapeana amani kwa kugusana vidole kwa sababu padri alikuwa anaangalia. Nilimwambia hayo ni madhambi. Akajibu, "Mimi nimeshamsamehe. Nyuki ndio bado."

Lakini ungemwona na nyuki wake. Nilikwenda mara moja, mwanangu akiwa na kikohozi kisichoisha, nikataka masega mabichi. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, imetundikwa kwenye miti inayochomoza katikati ya mawe, mingine imelazwa kwenye nyufa za mwamba wenyewe. Alikuwa na kopo lenye kinyesi cha ng'ombe kinachofuka, basi. Mtu yule aliyepiga kelele dukani kwangu mpaka wapita njia wakageuka, pale alishusha sauti kama yuko kwa mgonjwa. "Samahanini," alikuwa akiwaambia. "Samahanini, nachukua kidogo tu." Aliacha masega mengi kuliko aliyotoa. Nilipouliza mbona anaacha asali yote hiyo, alisema hata mwizi mwenye akili haibi sufuria.

Sasa nieleze ile desturi, kwa sababu bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Majirani zake karibu wote wanalima pamba. Pamba lazima ipigwe dawa, na dawa ya pamba haichagui mdudu. Nyuki akipita kwenye ua lililopigwa dawa harudi nyumbani, au anarudi na kuwaua wenzake. Kwa hiyo pale chini ya mlima walikuwa na utaratibu wa wazazi wao. Anayetaka kupiga dawa alipanda jioni, au alimtuma mtu, akasimama uani kwa mzee na kusema kwa mdomo wake, "Kesho napiga." Maneno hayo mawili tu. Mzee aliamka kabla ya jua, akapanda mlimani, akaziba mlango wa kila mzinga kwa majani mabichi ili nyuki wasitoke siku hiyo. Jua likizama aliwafungulia. Na siku ya kurina, kila jirani aliyepanda kutoa habari alipelekewa sega zima, hata kama ni mtu asiyemsalimia. Mdogo wake naye alipelekewa, kwa mkono wa mtoto wa jirani.

"Mtu akikuambia kwa mdomo," mzee alinieleza, "unamwona macho. Unajua amekuambia, na yeye anajua umesikia."

Nilichoshindwa kumsaidia ni jambo moja, na jambo hilo ndilo lililommaliza. Asali yake ilikuwa inaganda. Ukifika mwezi wa sita, baridi ikianza asubuhi, chupa zote za rafuni zilikuwa zimegeuka nyeupe na nzito, huwezi kumimina, mpaka uchimbe na kijiko. Asali ya kweli iliyotoka kwenye maua ya pamba na alizeti ndivyo ilivyo. Lakini nani atamwambia mteja? Hapa kwetu watu wamekaririshana kwamba asali ikiganda imetiwa sukari, na asali inayotiririka mwaka mzima ndiyo halisi. Na ole wako uwe na duka stendi. Kila abiria ni mtaalamu. Mmoja anataka kiberiti achovye njiti ndani ya asali aone kama itawaka. Mwingine anadondosha tone kwenye mchanga. Mwingine anaimwaga kwenye gazeti. Njiti zangu zimeishia huko, na bado walirudisha chupa mezani na kusema, "Mama, hii imechakachuliwa."

Mzee alikuwepo mara nyingi yakisemwa. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye akawa anajibu, na majibu yake yalinifukuzia wateja. Kuna hoteli ya Musoma, kando ya ziwa, iliyokuwa ikichukua ndoo zake. Mwaka mmoja waliirudisha ndoo nzima kwa basi, na ujumbe wa mdomo kupitia kondakta kwamba wao hawanunui sukari guru. Kondakta aliusema ujumbe huo kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakishuka. Mzee aliifunua ndoo, akaitazama ile asali nyeupe, akaifunika. Nilikuwa nimezoea matusi yake, na ule ukimya uliniumiza.

Wengine walimshauri aichemshe, ikichemshwa haigandi upesi. Alisema kuichemsha ni kuiua. Nami nilimshauri nibandike karatasi kwenye chupa, niandike kwamba asali halisi huganda. Akakataa hilo pia. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. Methali nzuri, lakini kwenye stendi ya Bunda haina kazi. Pembeni yangu kulikuwa na kijana anauza chupa za sukari iliyochemshwa na kutiwa rangi, zinang'aa juani, na kila basi likisimama zilikwisha.

Niongeze hili. Ulipotokea ukame mkali, bwana nyuki, yule afisa wa ufugaji, alipita akishauri wafugaji wawawekee nyuki maji ya sukari wasihame. Ushauri wa haki kabisa. Wengi walinunua kwangu. Mzee alikataa katakata, akapoteza makundi kadhaa, na alipokuja kuniambia nyuki wamehama alisema kwa kiburi kilekile, "Nyuki si watu wa harusi niwaokee keki." Nilimwona mjinga, nikamwambia. Akasema afadhali wahame wakiwa nyuki.

Basi ndipo mradi ulipokuja.

Kilianzishwa kikundi cha ufugaji nyuki, na wafadhili wakaleta mizinga ya kisasa, masanduku mazuri yaliyopakwa rangi ya njano. Ilikuwa nafasi ya kweli, sitaki kuonekana mtu wa kubeza kila kitu. Mizinga ile ikikaa pazuri hutoa asali nyingi na safi. Lakini haikukaa pazuri. Ilitundikwa upande wa pili wa kijiji, mbali na mlima, kando ya barabara kubwa, kwa sababu gari la wageni lisingefika mlimani. Kulia pamba, kushoto pamba. Nyuki hawakuingia. Waliingia mijusi, wakaingia sisimizi, na nyigu wakajenga kwenye vifuniko.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama mmoja mcheshi, msomaji wa masomo kanisani, mwenye maneno laini. Alimkuta mzee dukani kwangu, nikiwa nampimia misumari. Alipiga goti kidogo, akamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema shida yako, maana hujaja kununua."

"Baba, wageni wanakuja. Wafadhili wenyewe. Wakikuta mizinga mitupu si aibu yangu mimi, ni aibu ya kijiji kizima. Tunaomba nyuki wako."

"Nyuki hawaazimwagi kama viti vya msiba," mzee alisema. "Halafu saa hizi pamba imeanza maua. Pale barabarani dawa itapigwa kila upande."

"Tutakupa taarifa. Kila anayepiga, utapata taarifa kabla. Mimi mwenyewe nimesema."

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa ameshachukua misumari yake, na naapa alikuwa anaondoka. Ndipo yule mama akasema neno lililomgeuza. Alisema wageni wakiridhika watachukua asali yake wakaipime kwa mashine, halafu watampa nembo ya kubandika kwenye chupa, yenye muhuri, kwamba ni asali halisi ya Butiama.

"Hata ikiganda?" mzee aliuliza.

"Hata ikiganda, baba. Mashine haidanganyiki. Hakuna atakayekuambia tena umetia sukari."

Akarudi, akaketi kwenye kreti la soda. Aliuliza nembo yenyewe itakuwa kubwa kiasi gani, na kama jina la mlima wake litaandikwa. Nilimwona anavyouliza, mtu mzima yule, na moyo wangu ukaingiwa na huruma hata kabla ya baya lolote kutokea. Akakubali.

Alihamisha nyuki jioni kwa jioni, akafunga masega kwenye fremu za masanduku kwa nyuzi za mgomba, bila kuamini mkono wa mtu mwingine. Alikuwa amekusudia kutoa makundi machache. Lakini mwenyekiti alisema sanduku tupu moja tu linatosha kuharibu ziara. Akatoa yote. Mlimani yakabaki magogo.

Siku ya wageni nilikuwepo, maana soda na biskuti zilichukuliwa kwangu. Ilikuwa siku nzuri. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye masanduku ya njano kama wamezaliwa humo. Mgeni mkubwa alipewa sega, akalitafuna akapiga picha na kila mtu. Mwenyekiti alihutubia akasema kikundi kimefanikiwa kuvuta nyuki. Mzee alisimama nyuma, kwenye koti lake, hakuitwa mbele. Alipoulizwa na mmoja wa wageni yeye ni nani, mtu mwingine alijibu kwa niaba yake kwamba ni mlinzi. Alikuja kwenye kreti zangu, akaomba soda ya machungwa. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akaniambia, na alikuwa bado anatabasamu. Chupa moja ya asali yake ilichukuliwa kwenda kupimwa. Niliiona kwa macho yangu ikiingia garini.

Shamba lililopakana na mizinga lilikodishwa na kijana wa mjini. Siku chache baada ya wageni kuondoka, kijana huyo alipiga dawa asubuhi, jua limechomoza, maua yamefunguka. Alasiri yake mzee alipita kukagua kama kawaida, akakuta wamelala chini ya masanduku, tabaka juu ya tabaka, wengine bado wanazunguka kwa mgongo. Alipofungua vifuniko, ndani nako kulikuwa vilevile. Aliniambia kilichomtisha ni ule unyamavu. Alikuwa hajawahi kufungua mzinga usimjibu.

Alimfuata kijana na panga mkononi. Watu walimzuia. Kijana alikuwa na haki yake. "Mzee, mimi nilisema. Nilimwambia mwenyekiti jana yake mchana."

Wakaenda kwa mwenyekiti. Naye alikuwa na haki yake. "Baba, taarifa ilitolewa. Niliituma kwenye grupu."

Grupu lilikuwa la simu. Wanakikundi wote walikuwamo, na wote walikuwa wameiona. Mwenyekiti alionyesha: huyu amejibu sawa, huyu ameweka kidole gumba, huyu amemshukuru mwenyekiti kwa taarifa. Mzee alikuwa na kitochi, simu ya vibonye, iliyofungwa kwa raba ili betri isianguke. Hakuna aliyemwuliza. Kila mmoja aliona taarifa imeshatolewa, na mtu akishapewa taarifa umpandie mlima wa nini? Katika wale walioweka kidole gumba alikuwemo jirani wa siku zote, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipanda mwenyewe jioni kusema "kesho napiga". Huyo nilimwuliza baadaye, alipokuja dukani. Alisema, "Nilijua ameshaambiwa." Nilimwambia atoke, sina biashara naye. Na mpaka leo sina.

Kikundi kilikaa kikao. Ikaandikwa kwamba nyuki wa mradi wamekufa kwa bahati mbaya. Nyuki wa mradi! Mzee aliposema walikuwa wake, akaambiwa amevitoa mwenyewe kwa hiari vitu vile, na wageni wameshaambiwa ni vya kikundi, kubadilisha maneno sasa ni kuwachafua wote. Nembo haikuja. Bila nyuki, nembo ya nini? Fuata nyuki ule asali, wahenga walisema. Hawakusema anayefuata watu anakula nini.

Alirudi mlimani. Alisafisha magogo, akayapaka nta na majani yenye harufu wanayoipenda nyuki, akangoja kundi pori lipite liingie. Masika moja, kisha nyingine. Nilikuwa nikiwauliza habari zake madereva wa pikipiki wa upande ule. Walisema yupo, anapanda asubuhi, anashuka jioni. Watu wa mkaa nao walikuwa wameshaanza kuipunguza ile miti. Mdogo wake, yule yule, ndiye aliyekuja kunieleza kwamba kaka yake amemsalimia. "Amenisalimia, Mama Duka," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Sijui kimempata nini."

Halafu mwaka huu, baridi ya asubuhi ikiwa imeshaanza, pikipiki ilisimama mbele ya duka na mzee akashuka. Koti lilelile, limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilitoka mbio nikampokea mikono miwili.

"Shikamoo mzee wangu. Umetutupa."

"Marahaba. Nipo, Mama Duka. Nipe sukari."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wetu. "Ya robo kilo, nikuwekee kwenye unga?"

"Mfuko mzima."

Ndipo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, na furaha ilinipanda mpaka nikashika meza. Nilikumbuka ule ukame, na bwana nyuki, na kile kiburi. Nikasema moyoni, kumbe wamerudi, na safari hii amekubali kuwalisha ili wasihame.

"Nyuki wamerudi!" nikamwambia. "Sasa unawalisha!"

Alikuwa ananing'iniza mfuko wa rambo mkononi. Akauweka mezani, akatoa chupa. Ilikuwa imeoshwa vizuri, kifuniko kipya, na ndani yake kitu chekundu chekundu, chepesi, kinang'aa.

"Hapana," alisema. "Nalisha watu."

Aliichukua ile chupa akaiweka mwenyewe kwenye rafu ya mbele, pale pa siku zote, akaigeuza mpaka mwanga uipite. Basi la Musoma lilikuwa limesimama. Mama mmoja alishuka kununua maji, akaiona. Akaishika, akaiinamisha huku na huku. Akaomba kiberiti, nikampa. Njiti ikawaka au haikuwaka, sikutazama.

"Hii ndiyo asali," akawaambia wenzake. "Ona inavyotiririka na baridi yote hii. Hapa zamani kulikuwaga na asali moja inaganda, sukari tupu. Baba, hii ya wapi?"

"Ya Butiama," mzee alisema. "Ya mlimani."

Aliinunua. Alimshukuru mzee, akamwombea baraka, akapanda basi nayo ameikumbatia. Mzee alilisindikiza lile basi kwa macho mpaka likaondoka. Kisha akaketi kwenye kreti, mahali pake, na dereva akaanza kufunga mfuko wa sukari nyuma ya pikipiki kwa mpira.

Nilikwenda kumchemshia chai kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Ningependa anitukane. Ningependa aseme lolote juu ya wale watu na lile grupu lao, nami nimsaidie kuwalaani mpaka jioni. Nilimletea kikombe kama nilivyomletea miaka yote, chai kavu, ya moto. Alikitazama, hakukishika.

"Tia sukari, Mama Duka," akasema. "Siku hizi natumiaga."